Kibuyu cha Mama Mkwe

Tuliachana wiki iliyopita Dokta Ndeshi akiwa amepiga goti mbele ya bomba jipya la Oldonyo Sambu, kikombe cha plastiki mkononi, na kijiji kizima kimemzunguka. Wiki nzima mmenitumia meseji mkiuliza maji yaligeuka rangi gani. Wengine mmefikia hata kunitukana. Haya, tulieni niwaambie.

Yaligeuka bluu.

Wala si ile bluu ya kubahatisha, ya kumuuliza jirani kama na yeye anaiona. Ilikuwa bluu ya wino. Ilianzia chini ya kikombe, ikapanda, na kabla Ndeshi hajameza mate kikombe chote kilikuwa kimeshaiva.

Watu wakapiga makofi.

Wao walidhani ni mbwembwe za sherehe. Katika umati ule ni Ndeshi aliyejua maana ya rangi ile, kwa sababu unga alioutia kwenye maji alikuwa ameutengeneza mwenyewe katika maabara ya chuo mjini Arusha. Chembe zake ni ndogo mno, hata ukizipanga mstari mamia kwa mamia hazifikii unene wa unywele mmoja. Tumboni mwako wewe msomaji kuna vimeng'enya vinavyovunjavunja ugali ulioula mchana. Unga wa Ndeshi ulifanya kazi ya namna hiyohiyo, ila haukutoka kwa kiumbe chochote. Ni madini matupu, yakafundishwa kazi ya kimeng'enya.

Ukiutia kwenye maji mazuri pamoja na tone la dawa ya rangi, unanyamaza na maji yanabaki meupe. Maji yakiwa na floraidi nyingi, unga unachangamka na kuigeuza dawa ile kuwa bluu. Floraidi ikizidi, na bluu inazidi.

Na habari za floraidi, watu wa kuuzunguka Mlima Meru hawahitaji mwalimu. Inatoka kwenye mawe ya mlima wenyewe. Ndiyo iliyoyatia meno ya Ndeshi rangi ya kahawia tangu utotoni, kule kwenye migomba ya Umeruni alikozaliwa. Ikizidi zaidi haiishii kwenye meno. Huingia kwenye mifupa ya mtoto na kuipinda.

Mbele kabisa ya foleni alisimama Silantoi, katoto kalikoanza kubadilisha meno juzi juzi, kikombe chake kipya cha bati kifuani. Alichaguliwa kunywa wa kwanza. Kaka yake alisimama pembeni yake kwa miguu ya matege, magoti yake hayajakutana tangu alipojifunza kutembea. Miguu ya Silantoi ilikuwa bado imenyooka.

“Msifungue!” Ndeshi alipiga kelele. “Mtoto asinywe!”

Makofi yalikatika. Kabla hajasimama vizuri, mkono ulimshika begani. Ulikuwa mkono wa Lomayani, fundi mkuu wa kampuni ya Maji Tulivu iliyochimba kisima kile, kijana wa hapohapo Oldonyo Sambu, mjomba wa Silantoi, na mchumba wa Ndeshi. Alikuwa anatabasamu, lakini kwa ajili ya wageni tu.

“Unafanya nini, mpenzi?” alinong'ona.

“Maji haya ni mabaya, Loma.”

“Si wewe mwenyewe uliyesema ni salama?”

“Nilikosea.”

“Hukukosea.” Lomayani alimnyang'anya kikombe, akamwaga ile bluu chini, kisha akawageukia watu. “Jamani, mtuwie radhi! Unga wa dokta umepigwa na jua, umeharibika. Si mnaona hata rangi umetoa?”

Watu walicheka. Mgeni rasmi alicheka. Bwana Oscar, meneja wa Maji Tulivu, alicheka kuliko wote huku akitazama saa.

Mzee Parsimei, mwenyekiti wa kijiji, hakucheka. Alisogea kwa fimbo yake, akasimama mbele ya Ndeshi.

“Binti yangu, ulisimama kanisani ukatuambia maji ya kisima hiki hayana neno. Tukashangilia. Leo unasema yana neno. Sasa sisi tushike lipi?”

Ndeshi alitazama ile bluu ikizama ardhini.

“Wageni wanakwenda kula nyama,” mzee alisema. “Wakishanawa mikono tunarudi hapa. Uje na jibu moja, na utuonyeshe. Usipokuwa nalo, bomba tutafungua. Kina mama hawa wamechoka kuswaga punda.”

Nyuma ya simtanki, mbali na macho ya watu, Lomayani alimbana.

“Ulipima kila nilipokuleta, au hukupima?”

“Nilipima.”

“Yakawaje?”

“Yakabaki meupe.”

“Basi kosa liko kwenye unga wa leo. Nenda kaseme hivyo, yaishe, tule.”

Hesabu ya Lomayani ilikuwa imenyooka, na kwa dakika nzima Ndeshi aliiamini. Alitaka kuiamini. Kisha akanyanyua chupa ya maji ya dukani iliyosahauliwa na mmoja wa wageni, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akatia unga na tone la dawa.

Maji yalibaki meupe.

“Unga ni mzima,” alisema polepole. “Ungekuwa umeharibika ungetoa rangi kwenye maji yote. Loma, yale maji niliyopima siku zile, aliyateka nani?”

“Si mama? Unajua vizuri.”

“Kwa nini ayateke yeye?”

“Ulitaka akuache uiname kisimani kama kibarua? Wewe ni mkwe wake!”

Ndeshi alijisikia vibaya ghafla, na hapa msimcheke. Nani kati yenu angefanya tofauti? Alikuja Oldonyo Sambu na begi la chupa za maabara zilizooshwa na kukaushwa vizuri. Akamkuta Naeku, mama yake Lomayani, amevaa shanga zake za harusini, amebeba kibuyu kilichonakshiwa kwa kauri, amejaza maji ya kisima kipya kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe anakukabidhi kibuyu, na wewe umwambie weka chini, mimi nina chupa yangu? Binti wa Kimeru aliyelelewa hafanyi hivyo. Ndeshi alipiga goti, akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka machozi yakamlenga. Kila alipokuja kupima, kibuyu kilikuwa kinamsubiri.

Sasa alichota maji ya bomba kwenye ile chupa ya mgeni, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa Naeku.

“Ndeshi!” Lomayani aliita. “Usiende kumvunjia mama heshima!”

Hakugeuka.

Harufu ndiyo iliyompokea kabla ya watu, harufu tamu ya moshi wa mti wa oloirien, ule mzeituni wa porini. Naeku alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, kibuyu mapajani, anakisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto.

“Shikamoo, yeyo,” Ndeshi alisema, kwa neno lao la kumwita mama.

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekimbia nyama?”

“Nimekuja kukuomba kibuyu.”

“Kibuyu cha nini tena? Bomba si limefika?”

“Naomba tu, yeyo.”

Naeku alisita, kisha akampa. Ndeshi alikipokea, na safari hii hakupiga goti. Alimimina humo maji ya bomba, akayatikisa, akayamwaga kwenye kikombe. Alitia unga. Alitia tone la dawa.

Bluu ilichungulia kidogo, ikaona aibu, ikaondoka. Maji yakawa meupe kama ya dukani.

Ndeshi alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Ni moshi. Masizi matamu ya oloirien yanayolinda maziwa yasiharibike ndiyo hayohayo yanayoinyang'anya dawa rangi yake. Unga ulikuwa umesema kweli kila mara, na kila mara moshi ukaufunga mdomo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kinachofukizwa ni kibuyu cha maziwa. Maji watu huteka kwa dumu. Ndeshi alilijua hilo tangu utotoni kwao, na bado alipopewa maji kwenye kibuyu cha maziwa hakujiuliza hata kidogo, kwa sababu alijiona amependwa.

Hata kule kuibiwa rangi hakukuwa kugeni kwake. Siku moja maabara, rafiki yake Agnela alimwaga kwa bahati mbaya mtindi wa kibuyu juu ya meza, ukaingia kwenye sampuli, na bluu yote ikafutika; walipochunguza wakakuta ni masizi ya kibuyu. Walicheka wote wawili mpaka wakashika mbavu. Siri hiyo ya moshi duniani waliijua wao wawili tu.

Wewe msomaji umeshaelewa. Najua unamfokea gazetini. Ndeshi hakuelewa, kwa sababu kuna watu ambao akili inakataa hata kuwapitia.

“Yeyo,” aliuliza, “nani alikuambia uniletee maji kwenye kibuyu cha maziwa?”

Naeku alitazama kaa lililokuwa likizimika mwishoni mwa kijiti.

“Mwenzio alisema ndivyo itakavyokupendeza.”

“Mwenzangu nani?”

“Mimi,” sauti ilijibu nyuma yake.

Lomayani alikuwa amesimama langoni, anahema. Tabasamu la wageni hakuja nalo.

“Ulijua,” Ndeshi alisema. “Ulijua tangu mwanzo.”

“Nilijua.”

“Ukaniacha nikasimama kanisani.”

“Ndeshi, nisikilize. Oscar alisema kisima kikiwa na kasoro yoyote, kampuni inang'oa mitambo na kuhamia kwingine. Umemwona mama yangu? Ameteka maji kwa mgongo huo tangu hajaolewa. Ningemwambia nini? Kwamba maji yamefika mlangoni lakini asiyaguse?”

“Yangechujwa! Mkaa wa mifupa unachuja floraidi, nilikuambia. Chujio moja pale kwenye tangi, basi!”

“Oscar hataki kusikia habari za chujio. Anasema litachelewesha kila kitu.”

“Na Silantoi? Umemwona kaka yake anavyotembea?”

“Hata mimi nilikunywa maji mabaya. Hata wewe. Meno yako yana rangi ya chai, na leo ni dokta. Tumekufa?”

Ndeshi alifunga mdomo wake kwa kiganja bila kukusudia, kama alivyokuwa akifanya shuleni. Mwanaume huyu alikuwa amemwambia siku ya kwanza walipokutana kwamba anayapenda meno yale. Alitaka kulia, na akaapa kimoyomoyo kwamba hatalia mbele yake.

“Mwanangu,” Naeku aliingilia kwa sauti ya upole, “watoto wetu wamezoea. Kaa kimya siku moja tu. Mkishafunga ndoa mtaweka hilo chujio lenu taratibu.”

“Hata wewe, yeyo? Ulijua?”

Naeku alikichukua tena kibuyu chake. Alikigeuza mapajani, akaendelea kukisugua.

“Nani alikufundisha?” Ndeshi alimgeukia Lomayani. “Wewe ni fundi wa mabomba. Hujui kimeng'enya ni nini. Nani alikuambia kwamba moshi unafuta rangi?”

“Haina maana sasa.”

“Nani, Loma?”

Lomayani aliinama. Ndeshi alidhani anampigia magoti. Kumbe alikuwa anafuata kichupa cha unga kilichokuwa chini kando ya kikombe. Alikidaka, akakifungua, akakitupa kwenye jiko la makaa la mama yake. Kazi ya miaka ilitoa moshi kidogo mweupe na kuzimika.

“Nenda sasa,” alisema. “Kawaambie kwa mdomo mtupu. Tuone watamwamini nani.”

Ndeshi alitoka mbio mpaka barabarani, akakosea namba yake ya siri ya simu, akairudia. Mjini Arusha, katika kabati la maabara, kulikuwa na kichupa kingine. Na kulikuwa na mtu mmoja mwenye ufunguo.

“Agnela! Uko wapi?”

“Dada, mbona unalia?”

“Lomayani ameniuza! Ameniuza yeye na mama yake! Nahitaji unga, Agnela, upesi, kabla hawajafungua maji. Chukua gari, chukua chochote!”

“Tulia, dada yangu. Mimi niko njiani, nilikuwa naja kwenye sherehe yako. Nimeshapita Ngaramtoni.”

“Na unga?”

“Uko kwenye pochi. Si unanijua? Sitoki bila huo.”

Ndeshi alimshukuru Mungu kwa sauti, palepale kando ya barabara ya Namanga, ng'ombe wa watu wakimtazama. Alikuwa amepata mtu wa upande wake, na kwa kuwa hakuwa na mwingine, hakujiuliza ni sherehe gani ambayo mgeni wake anabeba kemikali kwenye pochi.

Agnela alifika kwa pikipiki wakati wageni wakinawa mikono. Binti wa Daraja Mbili, mrefu, mcheshi, aliyekuwa amepanga kusimamia harusi ya Ndeshi. Alimkumbatia rafiki yake na kumfuta machozi kwa kanga yake mwenyewe.

“Wanaume hawa, dada! Achana naye kabisa. Twende tukamuumbue.”

“Tie wewe unga, mikono yangu inatetemeka.”

“Hapana, utie wewe.” Agnela alimfumbata vidole juu ya kichupa. “Wewe ndiye wanayekujua. Wakuone wewe.”

Wakaenda bombani wameshikana mikono.

Kijiji kilikuwa kimeshapangana upya. Silantoi alikuwa palepale mbele na kikombe chake, midomo imemkauka kwa kusubiri. Mzee Parsimei aliinua fimbo, watu wakanyamaza.

“Dokta, umekuja na jibu?”

“Nimekuja nalo, mzee.”

Na Ndeshi akasema yote. Alisema habari za kibuyu. Alisema habari za moshi. Alimtaja Lomayani kwa jina, akamtaja na mama yake aliyekuwa amesimama na kina mama wenzake katika shanga zake. Minong'ono ilienea. Bwana Oscar alisimama kutoka kwenye kiti chake cha hema, uso umembadilika. Lomayani aliinamisha kichwa, na Ndeshi alipoona hivyo alizidi kupata nguvu.

“Kosa la kwanza ni langu,” alisema. “Nilipokea maji ambayo sikuyateka kwa mkono wangu, kwa sababu niliona haya kukataa. Leo nayateka mwenyewe, mbele yenu. Kikombe ni cha plastiki, hakijawahi kuona moshi. Mwenyekiti, kinuse.”

Mzee Parsimei alikinusa, akaitikia kwa kichwa.

“Maji haya yatageuka bluu. Yakigeuka, bomba lifungwe mpaka kampuni ilete chujio.”

“Na yasipogeuka?” aliuliza mama mmoja nyuma.

Ndeshi hakusita. Kwa nini asite? Alikuwa na hakika ya unga wake, na aliyeuleta alikuwa amesimama pembeni yake.

“Yasipogeuka mimi ni mwongo. Mfungue, mnywe, na msinisikilize tena maishani.”

Alikinga maji. Alitia unga. Alitia tone la dawa. Akainua kikombe juu ya kichwa chake ili hata walio nyuma waone.

Walisubiri.

Mzee Parsimei alisogea karibu, akakodoa macho.

Maji yalikuwa meupe.

“Subirini,” Ndeshi alisema. “Subirini kidogo.” Alikitikisa kikombe. Akaongeza unga. Akaongeza mwingine, mpaka kichupa kikaisha na maji yakawa na ukungu wa chaki. Aliunusa ule unga. Aliusugua kati ya vidole viwili, akausikia ukikwaruza. Unga wake hauna punje. Ni laini kama hakuna kitu.

“Huu si unga wangu,” alisema.

Mtu mmoja alicheka. Kisha kina mama wakapiga vigelegele, na kelele zao zikameza kila kitu.

“Huu si unga wangu! Umebadilishwa!”

“Dokta,” Mzee Parsimei alisema kwa huzuni, si kwa hasira, “ulitoa neno lako mwenyewe.” Akampungia fundi mkono.

Bomba lilifunguliwa. Maji yalitoka kwa nguvu, yanang'aa, mazuri kwa macho kuliko maji yote ambayo Oldonyo Sambu iliwahi kuyaona. Silantoi aliingiza kikombe chake cha bati chini ya bomba kwa mikono miwili, akakinyanyua, akaanza kunywa kwa kiu ya siku nzima.

Ndeshi aliruka. Alikipiga kikombe kile kikaruka hewani, maji yakammwagikia mtoto gauni lote la sherehe, na Silantoi akaangua kilio.

“Amempiga mtoto!”

“Ana kichaa huyu!”

Mgambo wawili walimshika mikono, wakamrudisha nyuma visigino vikiburuta kwenye matope mapya. Kaka yake Silantoi aliokota kikombe, akakijaza tena, akampa mdogo wake. Silantoi aliacha kulia, akanywa mpaka kikaisha. Akaomba kingine.

“Agnela!” Ndeshi alilia sasa, bila kujali nani anamwona. “Agnela, waambie! Wewe unajua! Waambie huu si unga!”

Agnela alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Alikuwa anafunga zipu ya pochi, na zipu ilimshughulisha sana. Hakuinua uso.

Hapo ndipo akili ya Ndeshi ilipokubali kupita mahali ilipokataa kupita mchana kutwa. Aliacha kuvutana. Mgambo, walipoona amelegea, walilegeza na wao.

Naeku alitoka katikati ya kina mama, shanga zikimlia shingoni. Alikuwa anakuja upande wake, na pamoja na yote, moyo wa Ndeshi ulitumaini. Labda mzee huyu ameona huruma. Labda anakuja kumshika mkono mkwe wake na kumtoa kwenye aibu ile.

Waarusha, watu wa kina Lomayani, wana jina ambalo mama mkwe na mke wa mwanawe huitana. Bibi harusi anapoingizwa nyumbani, mama wa bwana harusi humpa kondoo, na tangu siku hiyo aliyetoa na aliyepewa hawatajani tena majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake Pakerr, kwa sababu ya kondoo yule. Jina hilo halitolewi kwa mchumba. Hutolewa kwa mke ambaye nyumba imeshampokea. Lomayani alikuwa amemweleza Ndeshi jambo hilo usiku alipomvisha pete, na tangu hapo Ndeshi alikuwa akilisubiri.

Naeku alimpita kama anayepita kigingi cha ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa msichana wa Daraja Mbili, akamshika kiganja, akamfuta vumbi la pikipiki begani.

“Umechoka na safari,” alimwambia. “Pakerr, twende nyumbani ukale.”

Agnela aliinua uso wake, akamtazama Ndeshi mara moja tu. Kisha akaitika, bila kubabaika, kama mtu aliyekwisha kuitika hivyo mara nyingi:

“Haya, Pakerr.”